Lakini Kwetu Kuna Mbu

Mwanangu Chebet,

Nakuandikia nikiwa shuleni, darasa la nane, kwenye dawati la mbele kabisa. Watoto wameenda nyumbani na jua bado liko juu. Nyumbani siwezi kuandika. Mama yako anakufungia vitu, shangazi zako wanakujaza mawaidha, na wewe mwenyewe unapita huku na huku na lile sanduku la mabati. Mambo ya blanketi, sabuni, umwamini nani na usile wapi, hayo nimewaachia wao. Wasipoyamaliza leo wataendelea nayo kesho asubuhi mpaka gari lije.

Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka minane, na kusema kweli ningelibeba mpaka kaburini kama usingechagua kusomea maabara.

Barua ya chuo ilipokuja, kila mtu alifurahi. Mchungaji aliisoma kanisani. Mimi nilipofika kwenye neno maabara, nilirudi nikalisoma mara ya pili. Naijua hiyo kazi. Watakupa hadubini na tone la damu kwenye kipande cha kioo, na muhula wa kwanza haujaisha watakuwa wamekuonyesha vimelea vya malaria, jinsi vinavyoonekana, jinsi vinavyoingia, na siku vinazokaa mwilini kabla mtu hajaanza kuugua. Wewe si mtu wa kupitwa na kitu. Utamkumbuka mdogo wako Cherotich, na utahesabu siku. Sitaki uhesabu peke yako huko Nairobi, kati ya watu usiowajua, halafu ndipo uelewe baba yako alikufanyia nini.

Juzi uliniomba daftari langu la kufundishia, lile la jalada la buluu lililokatika pembe. Ulisema utakwenda nalo kwa ukumbusho. Nilisema tutaona, ukadhani nalionea choyo. Nitakupa. Nitalifunga pamoja na barua hii, ila soma barua kwanza.

Unajua nilivyoliandika. Sayansi tunafundisha kwa Kiingereza, na watoto wetu Kiingereza wanakisikia kwa mbali, kwa hiyo mbele ya daftari nilijiandikia maana za maneno kwa Kiswahili: mvuke, mvutano, kinga, dalili, vimelea. Kisha nikaligeuza na kuanza upande wa nyuma na viunganishi vya somo la Kiswahili: na, au, lakini, ingawa, kwa sababu, kwa hivyo. Daftari moja, masomo mawili. Nilijisifu nalo kupita kiasi. Mwalimu mmoja alitoka Ndanai kwa baiskeli kuja kulinakili, nikamtazama akiandika huku nikinywa chai yangu kama mkaguzi wa shule.

Pale katikati, ambapo sayansi ilikutana na viunganishi, nilitunga mfano wa kufundisha vyote kwa mpigo mmoja. Niliandika: Mbu wa malaria huishi penye joto. Kwetu ni baridi, kwa hivyo kwetu hakuna malaria. Darasa zima liliukariri mfano huo, mwaka baada ya mwaka. Watoto waliupeleka nyumbani, na wazazi wakaupokea, kwa sababu ndivyo walivyokuwa wakiamini tangu zamani. Malaria ilikuwa ya watu wa ziwani. Sisi wa huku juu, wa chai na ukungu, tulijiona tumeandikiwa afya. Mimi niliwapa watu imani yao wenyewe ikiwa imepigwa pasi, na wakaniita msomi.

Ulikuwa darasa la tano. Najua unaikumbuka siku hiyo, kwa sababu tangu hapo hukuwahi kuinua mkono tena katika somo langu. Tulipomaliza kukariri ulisimama, sketi ikiwa imekunjwa kiunoni kwa kuwa ilikuwa kubwa, ukasema, "Lakini mwalimu, kwetu kuna mbu. Wananiuma usiku, mimi na Cherotich."

Darasa lilicheka. Nilikuwa nimesimama pale mbele, baba yako na mwalimu wako, na mtoto wangu mwenyewe alikuwa ameniuliza swali la kweli. Unajua nilikujibu nini. Nilisema, "Lakini ni neno la kuunganisha. Haliwezi kuanza sentensi. Kaa chini." Wewe uliniambia habari ya mbu, mimi nikakusahihisha Kiswahili. Halafu nikakuamuru upige magoti kando ya ubao mpaka kengele, ili wenzako wasidhani nakupendelea. Nimewachapa watoto wengi katika kazi hii na wengine nimewasahau. Magoti yako pale ubaoni sijayasahau.

Na mbu walikuwepo. Walikuwepo kwa sababu yangu. Mwaka ule ndio tulikuwa tunafyatua matofali ya nyumba. Nilichimba shimo chini ya shamba la chai, karibu na mahali mlipokuwa mkilala kwenye ile nyumba ya udongo. Nilitaka nyumba ya matofali kabla ya walimu wenzangu. Mvua ikaja, shimo likajaa, maji yakakaa humo miezi. Mama yako aliniambia, "Baba Chebet, fukia hii shimo, inaimba usiku." Nilimwambia bado nahitaji udongo.

Sasa nakuja kwenye siku ya kituo cha kupimia chai. Najua unavyoikumbuka wewe, na ndiyo maana ninaandika.

Ilikuwa siku ya kuchuma. Mama yako alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, mimi nilikuwa na karatasi za mtihani. Nilikutuma wewe upeleke majani ya chai kituoni, na Cherotich akakufuata kama kawaida yake. Alikuwa na miaka mitano. Barabara iliharibika kwa matope, lori la kiwanda likachelewa, na ninyi mkangoja pale kwenye banda mpaka saa kumi na moja. Mvua ya mawe ilipoanza, wewe ulikuwa kwenye laini ya kupimiwa. Ungetoka, majani yetu yangerudishwa nyuma, na majani yakilala hayapokelewi. Ulijua hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyekuambia, tena kwa ukali, usitoke kwenye laini hata kidogo. Cherotich akatoka kuokota mawe ya mvua. Mlirudi jioni mmelowa wote wawili, yeye akicheka, ameshika barafu iliyokuwa imeshayeyuka mkononi.

Siku mbili baadaye akashikwa na homa.

Niliona mvua. Mtoto anatetemeka mbele yangu, anachemka, anatapika, na mimi naona mvua tu. Katika daftari langu, ukurasa wa nne, nilikuwa nimeandika kwa mwandiko mzuri: Dalili, ishara ya nje ya ugonjwa ulio ndani. Ningeweza kukutajia maana hiyo nikiwa usingizini. Tulimfunika blanketi mbili, tukampa chai ya maziwa na vidonge vya maumivu vya dukani. Nikamwambia mama yako ni baridi imemwingia kifuani, itatoka.

Siku ya pili yake alikuja Mama Atieno. Unamkumbuka, yule aliyepanga chumba kwa jirani yetu, mumewe akifanya kazi kiwandani, na yeye akiuza omena, wale dagaa wa kwao ziwani, sokoni. Alikuwa ameleta uji. Alimgusa Cherotich shingoni, akamfunua jicho kwa kidole gumba, akatazama viganja vyake. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, hii si baridi," alisema. "Hii ni malaria. Mimi nimezika wawili na hii kitu, naijua. Peleka mtoto hospitali leo, usingoje kesho."

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu nikisahihisha. Sikuinua hata kalamu. "Malaria ni ya kwenu ziwani, Mama Atieno. Huku kwetu ni baridi."

"Sawa," alisema. "Lakini mtoto ndiyo huyo."

Miaka ile, Chebet, maneno kama kwenu na kwetu hayakuwa ya mchezo. Kulikuwa na watu waliokuwa wakiyanoa pamoja na panga. Mimi sikumgusa mtu, sikuchoma nyumba ya mtu, na nimejivunia hilo mara nyingi kanisani. Ila nilipomjibu yule mama nilijua vizuri ninachomwambia, naye alijua. Nilimwambia yeye na ugonjwa wake hawana makao hapa. Mwanamke aliyeishia darasa la tatu atamfundisha nini mwalimu wa sayansi?

Alimwekea mama yako mkononi vidonge vinne vya klorokwini vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Alikuwa amewawekea watoto wake mwenyewe. Mama yako alinitazama aone nitasemaje. Nikavichukua nikaviweka juu ya kabati. Sikuvitupa, na mtoto sikumpa. Nilivikuta pale wiki tatu baada ya mazishi, vikiwa bado kwenye kile kipande cha gazeti.

Jumapili alipata degedege. Tulimpeleka hospitali ya misheni kwa pikapu ya maziwa, mama yako akiwa amempakata, mimi nimesimama nyuma kati ya makopo. Daktari alikuwa kijana mdogo. Alimtoboa kidole, akapeleka damu kupimwa, akarudi na kadi. Mama yako alikuwa kitandani na mtoto. Mimi nilikuwa mlangoni.

"Mzee, hii ni malaria, na imepanda kichwani," aliniambia. "Mnatoka wapi?"

Nikamtajia.

"Mmemtembeza mahali kwenye joto? Kisumu? Kwa wiki mbili tatu hivi?"

Nikasema hapana, hajawahi kutoka nyumbani.

"Basi ameipata huko huko kwenu. Na si juzi. Ikiingia mwilini inakaa siku kumi, hata wiki mbili, ndiyo mtu augue. Mngemleta siku ya kwanza." Aliyasema kwa upole. Ningependelea anitukane.

Cherotich alifariki jioni hiyo, kabla taa hazijawashwa wodini. Nikaikunja kadi nikaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti. Mama yako alipouliza daktari amesema nini, nikajibu, "Nimonia. Ni ile mvua."

Soma tena hapo, mwanangu. Nilijua. Nilikuwa nimeambiwa na mtu aliyesomea, damu ikiwa imepimwa, kwamba mvua ya kituoni haikuhusika hata kidogo. Mbu aliyemuuma alikuwa amemuuma siku nyingi kabla ninyi hamjabeba yale majani, katika nyumba yangu, kando ya shimo langu. Siku mliyonyeshewa, ugonjwa ulikuwa tayari ndani yake. Ungemfunika kwa turubai, ungembeba mgongoni, ungeacha majani yote yaoze pale, angeugua tu.

Na bado kaburini nilisimama nikasema yale niliyosema. Watu walikuwa wengi, darasa lako lote lilikuwepo na masweta ya shule. Nikasema mvua ndiyo imemchukua mtoto wetu, na kwamba tujifunze kutowaachia watoto kazi ya kulea watoto, kwa sababu mtoto akisimama kwenye laini hawezi kumwona mwenzake aliyetoka nje. Sikutaja jina. Sikuhitaji. Vichwa vyote viligeuka upande wako, na nilikuona ukishika ncha ya sweta ukaivuta mpaka magotini.

Nilifanya hivyo kwa sababu walikuwa wakinitazama mimi. Mama Atieno alikuwa pale nyuma, nikaogopa atasema. Mwalimu wa sayansi amepoteza mtoto kwa ugonjwa aliowafundisha watoto wa watu kwamba haupo. Nilitafuta mahali pa kuuweka mzigo ule haraka, na wewe ulikuwa karibu. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Sina neno jingine la kuliita jambo hilo ila woga.

Mwezi uliofuata nilifukia shimo. Ulinisaidia kusukuma udongo, unakumbuka? Uliniuliza kwa nini tunafukia na matofali hayajatosha. Nikasema ndama ataanguka. Nyumba tukaimaliza na matofali ya kununua upande wa nyuma, ndiyo maana rangi hazifanani, na wageni wakiuliza mimi hubadilisha mazungumzo.

Nimekuona miaka minane. Hukurudi kituoni tena hata siku moja, ukasema majani yanakuwasha mikono. Mvua ikianza unakimbia nje kukusanya watoto, hata wasio wetu, unawakausha vichwa kwa leso yako mpaka wanalia. Wenzako wanacheka wakidhani ni tabia yako. Mama yako alisema utakuwa mama mwema. Mimi nilikuwa nakaa mezani naona ninachokiona, na kunyanyuka kusema sentensi moja kulinishinda. Katika miaka hiyo nimefundisha maelfu ya sentensi.

Mwaka jana, baada ya ile mvua ya El Nino, malaria ilitupiga huku juu mpaka wodi zikajaa. Watu wa afya walikuja shuleni na mabango, na mwalimu mkuu akanisimamisha niwatafsirie wazazi. Nilitafsiri kila kitu kwa sauti kubwa. Malaria ipo hapa. Mbu wapo hapa. Mzee mmoja niliyemfundishia watoto wanne aliinua fimbo. "Mwalimu, si wewe ndiyo uliwafundisha hawa watoto ati hakuna?" Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, nikasema sayansi hubadilika. Nilikuwa nimepewa nafasi mbele ya watu wote. Nikaitumia kufanya mzaha.

Wiki iliyopita nilikwenda kumtafuta Mama Atieno. Walikuwa wamehama miaka ile ile ya panga; nilisikia wamerudi, wanakaa kwenye nyumba za wafanyakazi upande wa Kericho. Amezeeka. Alinipa kiti, akaendelea kuchambua mboga. Nilimweleza yote, kadi, vidonge, kaburini. Nilidhani nitajisikia mwepesi.

"Mimi nilijua siku ile ile," alisema. "Kwani umekuja kuniambia kitu najua? Yule msichana mkubwa, umemwambia?"

Nikasema bado.

"Sasa hii maneno unaniletea mimi ya nini, mwalimu? Enda uambie mwenyewe." Akasimama kuweka sufuria jikoni, na hakurudi kukaa. Nikaaga nikaondoka.

Jumapili nikamwambia mama yako. Umeona chakula changu kinawekwa mezani bila neno, na nimekusikia ukimwuliza kama tumegombana kwa ajili ya kuondoka kwako. Hapana. Amesema hatazungumza nami mpaka nizungumze nawe. Nilikuwa niseme jana kwenye maombi ya kukuaga, nimeandika hata karatasi. Nikasimama, nikaongea juu ya bidii na kumcha Mungu. Ndiyo maana niko hapa na kalamu. Uso wako siuwezi.

Unakwenda kusoma mambo ambayo mimi nilikuwa nayakariri tu. Huko utakutana na watu wanaojua maana ya kila neno, kama mimi. Sitakuambia uwaheshimu wala uwadharau. Ninachokijua ni kwamba niliweza kutaja vimelea ni nini, na vilikuwa vinamla mtoto wangu chumba cha pili. Na lile neno kwa hivyo nililolipenda sana linaweza kuchomekwa kati ya mambo mawili yoyote. Alinyeshewa, kwa hivyo akafa. Inasomeka vizuri. Hakuna aliyeniuliza chochote pale kaburini, kwa sababu ilisomeka vizuri.

Kadi ya hospitali iko ndani ya daftari, ukurasa wa katikati. Imechakaa kwenye mikunjo lakini tarehe na jina la ugonjwa vinasomeka. Ni yako. Ukitaka kumwonyesha mtu, mwonyeshe. Jumapili ijayo wewe utakuwa umeshafika Nairobi, na mimi nimemwomba mchungaji nafasi baada ya matangazo. Nitasema mbele ya watu wale wale niliosema mbele yao. Mama yako atakuandikia kama nimesema kweli au nimeongea tena juu ya bidii. Mwamini yeye.

Usiniandikie kwamba umenisamehe kwa kuwa ndivyo barua za watoto huandikwa. Ukikasirika, kasirika. Ukinyamaza mwaka mzima nitajua ni haki yangu. Ila ukiwa huko na mvua ikaanza kunyesha, nakuomba ukae tu mahali ulipo, kama watu wengine.

Hukumwacha dada yako afe, Chebet. Ulimtunza kuliko nilivyomtunza mimi.

Kabla sijafunga nimefungua ule ukurasa wa katikati. Nimeukata mfano wangu kwa kalamu nyekundu, mistari miwili, kama ninavyokata makosa ya watoto. Chini yake nimeandika swali lako la darasa la tano, neno kwa neno, likianza na lakini. Pembeni nimeweka alama ya vema. Ulikuwa umepata.

Baba yako.